Maji ya visima vyetu Lamu: chumvi yatoka wapi, na kwa nini kisima kitamu chaweza kuwa kibaya zaidi

#1 Kata_na_Kamba

Assalaam aleikum wandugu.

Wiki iliyopita nilikaribishwa nyumba moja mtaa wa Mkomani. Mwenyeji akanichotea maji ya kisima cha uani, akaniambia, "Onja haya, yashinda ya mfereji." Nikaonja. Yalikuwa matamu kweli, baridi, hayana hata chembe ya chumvi. Nilipoinua macho nikaona ukuta wa choo, hatua nne kutoka mdomo wa kisima. Nikaiweka glasi chini. Nyumba hiyo ina mtoto mchanga.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima maji, na glasi hiyo imenikaa rohoni hadi nimeamua kufungua uzi huu. Watu wetu wana kipimo kimoja cha maji, nacho ni ulimi. Yakiwa na chumvi ni ya kufulia, yakiwa matamu ni ya kunywa. Kwa chumvi ulimi ni kipimo kizuri, sina ugomvi nao. Lakini maji ya chini ya ardhi hubeba vitu vingi, na ulimi wavijua viwili vitatu tu. Nianzie pale maji yetu yanapoanzia.

Kisiwa chetu hakina mto wala ziwa. Kina vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ya masika ikinyesha juu ya vilima vile haitiririki, yazama palepale, yateremka kati ya punje za mchanga mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa kutoka kila upande. Hapo yatua juu yake. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo moja, na lita ya bahari yapata kilo 1.025. Tofauti ndogo hiyo ndiyo inayotunywesha. Maji matamu yaelea juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi, tabaka nene katikati ya kisiwa, jembamba ukingoni.

Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake alipata hesabu hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari yakaa juu ya mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Yafurahisha ukiisoma upande mmoja. Isome upande wa pili. Ukiteremsha maji ya kisima nusu mita kwa pampu, na ukaendelea hivyo siku nenda siku rudi, chumvi iliyo chini yako yaelekea kupanda mita 20. Haipandi siku ileile. Yapanda polepole, kama kichuguu chini ya pampu, na siku ulimi utakapoipata itakuwa imeshafika.

Tena, mfano wangu wa samli una kasoro: samli na mchuzi havichanganyiki, maji na maji yachanganyika. Kati ya tabaka mbili hizi kuna ukanda wa maji ya mvuto, nusu hili nusu lile, na kila pampu inayowashwa na kuzimwa yaupanua.

Jaribu jambo moja nyumbani uone tunavyoishi karibu na hatari. Chukua dumu la lita 20 la maji matamu, tia glasi moja ya maji ya bahari, kama mililita 300. Maji ya bahari yana kloraidi, kiungo kikubwa cha chumvi, takriban miligramu 19,000 kwa lita. Glasi hiyo moja yapandisha kloraidi ya dumu zima kwa takriban miligramu 280 kwa lita. Watu wengi huanza kuisikia ladha ya chumvi kati ya 200 na 300. Yaani asilimia moja na nusu ya bahari yatosha kukuharibia kisima.

Sasa ugumu wa maji, kwa sababu wengi huuchanganya na chumvi. Mvua hushuka karibu tupu, na chumvi kidogo iliyochukuliwa na upepo wa bahari. Ikipita kwenye udongo yachukua hewa ya kaboni inayotoka kwenye mizizi na majani yaliyooza, yawa kama siki dhaifu mno. Siki hiyo yala magamba ya kombe yaliyosagika mchangani na matumbawe yaliyo chini. Chokaa yayeyuka, yageuka kalsiamu na bikaboneti. Ndiyo maana sabuni yakataa kutoa povu, na ndani ya birika la chai mwaota ukoko mweupe: ukichemsha, bikaboneti yavunjika na chokaa yarudi kuwa jiwe. Maji hayo ni magumu, ndiyo, lakini hayana neno. Kalsiamu na bikaboneti zikiwa nyingi na kloraidi ikiwa kidogo, hiyo ndiyo sura ya kisima chenye afya katika nchi ya matumbawe. Ukoko wa birika usikutishe.

Linalonitisha mimi halina ladha, halina rangi, halina harufu. Laitwa naitreti. Mkojo na kinyesi, cha binadamu na cha punda, vina naitrojeni. Ndani ya shimo la choo yawa amonia, na ikishapata hewa mchangani vijidudu vya ardhini vyaigeuza naitreti. Mchanga hauwezi kuishika. Yapita na maji kama mgeni asiye na mizigo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Naitreti tumboni mwa mtoto yageuka naitriti, yashika damu, na damu yashindwa kubeba hewa. Mtoto abadilika rangi, midomo na kucha zawa za buluu.

Na kuchemsha hakusaidii. Naomba mstari huu usomwe mara mbili. Kuchemsha kwaua vijidudu, lakini naitreti yabaki ndani ya sufuria huku mvuke ukiondoka, kwa hiyo maji yaliyochemka sana huwa na naitreti zaidi kwa kila lita kuliko yalivyotoka kisimani.

Leteni habari za visima vyenu. Namba za vipimo vya nyumba za watu sitazitaja hapa, hizo ni amana.

#2 Mvuvi_Matondoni

Waaleikum salaam. Kisima chetu huku Matondoni kina tabia. Wakati wa bamvua maji yapanda na yawa ya chumvi kidogo, maji mafu yakija chatulia na utamu warudi. Babu alikuwa akituambia tuchote ya kunywa siku za maji mafu tuweke mtungini. Na kingine kilicho karibu na mikoko chanuka kama yai viza, hatukitumii ila kuoshea vyombo vya baharini. Hii ni chumvi ileile?

#3 Kata_na_Kamba

Babu yako alikuwa mpimaji kabla yangu. Kisima kilicho karibu na ufuo chapumua na bahari: bahari ikijaa yasukuma maji ya chini ya ardhi, ikipwa yayavuta. Bamvua husukuma zaidi, na ule ukanda wa mvuto niliousema wapanda na kushuka nao. Kwa hiyo mtu akipima kisima chako mara moja, akaandika namba moja, na asiandike siku ya mwezi wala hali ya maji, namba hiyo haisemi lolote. Nimeona ripoti nzuri zikiharibika kwa jambo dogo kama hilo.

Kile kinachonuka ni habari nyingine. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, kama miligramu 2,700 kwa lita. Kwenye tope la mikoko hakuna hewa, na kuna vijidudu vinavyojua kupumua salfeti badala ya hewa. Wanachokitoa ndiyo harufu hiyo ya yai viza. Kisima kikinuka hivyo chakwambia mambo mawili kwa pamoja: bahari imeshaingia, na chini hamna hewa. Ajabu yake ni kwamba pasipo hewa naitreti nayo huliwa na vijidudu, kwa hiyo kisima kinachonuka mara nyingi huwa na naitreti kidogo. Bado sikishauri kwa kunywa.

#4 Mzee_wa_Mtanga

Wanangu, nimesoma na nimefurahi. Sisi zamani hatukujua kloraidi, twalijua *munyu*. Mwenye kuchimba kisima alikuwa akichimba mtanga taratibu, akiona unyevu ateremka mikono miwili mitatu, kisha asimama. Alikuwa na nguvu za kuendelea, lakini aliusiwa na wazee kwamba mai ya tamu ni ya juu, ukiyapita hutayapata tena. Na kuchota ni kwa kata na kamba, kama jina la huyu mwenye uzi. Kata yachota kidogo, kisima chapata muda. Pampu haina muda.

Na msisahau majabia. Manda, Ndau, Faza, watu wameishi kwa jabia, maji ya mvua yakusanywa juu ya sakafu ya chokaa yaingia shimoni. Kule kisima ni cha munyu, mvua ndiyo kisima.

#5 Kata_na_Kamba

Mzee wangu, shikamoo. Ulilolisema kwa mistari minne wahandisi huliandikia kurasa 40. Kisima kipana kisicho na kina kirefu, kinachochotwa polepole kwa saa nyingi, chaengua samli juu ya mchuzi. Kisima chembamba kirefu chenye pampu kubwa chatumbukiza mrija ndani ya mchuzi wenyewe. Maji ni kiasi kilekile, lakini namna ya kuyachukua ndiyo inayoamua.

Na umenikumbusha Takwa. Mji ule wa Manda uliachwa karne ya 17, na katika sababu zinazotajwa mojawapo ni visima kugeuka chumvi. Watu wake wavuka mlango wa bahari wakaja Shela, kwenye mchanga. Wazee wa Shela bado hurudi Takwa kwenye kaburi lenye mnara kuomba mvua. Mimi nikiwaza hilo naona watu wanaojua hasa maji yao yatoka wapi.

#6 Mgede_Halisi

Salamu kutoka Gede. Huku nasi tuna magofu ya Gedi, mji ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na kisima cha pale kwenye Msikiti Mkuu kina kina kirefu. Wapo wasemao maji yalikimbia chini, watu wakayafuata hadi wakachoka. Mimi swali langu ni la leo. Mjomba wangu ana shamba upande wa Gongoni, karibu na mabwawa ya kuvukiza maji ya bahari ili kupata chumvi. Asema kisima chake kilikuwa cha kunywa alipokuwa kijana, sasa hata mbuzi wasita. Kila akiuliza aambiwa ni bahari tu, yeye yuko karibu na bahari. Kuna njia ya kujua ni bahari au ni mabwawa?

#7 Kata_na_Kamba

Swali lako ni zito na lina jibu la kemia, tena jibu ambalo mjomba ana haki ya kulipata.

Bahari ina sahihi yake. Katika lita moja ya maji ya bahari kuna sodiamu kama miligramu 10,800 na kloraidi kama 19,400. Namba hizo haziwezi kulinganishwa hivyo zilivyo kwa sababu chembe ya kloraidi ni nzito kuliko ya sodiamu. Gawanya sodiamu kwa 23, wapata kama 470. Gawanya kloraidi kwa 35.5, wapata kama 546. Sasa gawanya 470 kwa 546: 0.86. Uwiano huo ni uleule Malindi, Lamu, Zanzibar, popote penye bahari wazi. Ukichanganya maji ya bahari na ya mvua, chumvi yapungua lakini uwiano wabaki karibu na hapo.

Bwawani mambo hubadilika. Jua likivukiza maji ya bahari, kwanza chokaa yatua, kisha jasi maji yakipungua hadi kama robo, na chumvi ya mezani yaanza kuganda yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Hadi hapo uwiano wa sodiamu na kloraidi haujabadilika, maji yaliyovuja yafanana na bahari ila ni makali zaidi. Kwa hiyo dalili ya kwanza ni hii: kisima kikiwa na chumvi kushinda bahari yenyewe, haikutoka baharini moja kwa moja, kwa sababu kuchanganya bahari na mvua hakuwezi kuzaa kitu kikali kuliko bahari. Baada ya chumvi kuganda, maji machungu yanayobaki yamepoteza sodiamu nyingi, na magnesiamu imejaa. Uwiano washuka chini sana ya 0.86. Hiyo ni dalili ya pili.

Na maji hayo ni mazito. Bahari ni kilo 1.025 kwa lita, maji ya bwawa linalokaribia kuganda yafika kama kilo 1.2. Kitu kizito hivyo kikipata ufa chini ya bwawa hakielei, chazama na kujisambaza chini ya maji matamu ya jirani.

Mjomba apime sodiamu, kloraidi, kalsiamu, magnesiamu, salfeti na bikaboneti, kwenye kisima chake na kwenye kisima kimoja kilicho mbali na mabwawa lakini umbali uleule kutoka baharini. Asipeleke malalamiko kwa mdomo, apeleke karatasi mbili zilizowekwa pamoja.

Tahadhari moja. Penye udongo wa mfinyanzi, maji ya bahari yakiingia kwa mara ya kwanza huacha sodiamu kwenye udongo na kuchukua kalsiamu iliyokuwa imeshikwa hapo. Uwiano washuka hata kwa bahari ya kawaida, na kalsiamu yapanda. Kwa hiyo uwiano pekee usimhukumu mtu. Tazameni magnesiamu pamoja na ukali wa chumvi. Kinyume chake pia ni kweli, na ni habari njema: kisima kilichokuwa cha chumvi kikianza kupona, udongo waachia sodiamu na kuchukua kalsiamu, uwiano wapanda juu ya 0.86, hata kufika 1 na zaidi, sabuni yaanza kutoa povu vizuri. Maji ya namna hiyo ni ya sodiamu na bikaboneti. Ukiyaona, acha pampu ipumzike, mvua inashinda.

#8 Mgede_Halisi

Nimeyanakili yote. Mjomba atasomewa jioni hii.

#9 Fundi_Langoni

Mimi ni mjenzi na nitasema wazi. Kila kukizungumzwa maji hapa Lamu, vidole vyaelekezwa kwetu. Mchanga wa Shela ni kilomita na kilomita. Nyumba 10 au 20 zapunguza nini? Vijana wahitaji kazi, na wageni waja kwa sababu ya mandhari ile.

#10 Kata_na_Kamba

Ndugu yangu fundi, sikukulaumu wewe, na kazi ya ujenzi naiheshimu. Lakini sikiliza hesabu ya mchanga.

Sehemu ambayo mvua yazama ndiyo kisima, hata kama haina shimo. Ukiweka paa, baraza ya saruji na njia ya mawe juu yake, mvua ya hapo haizami tena, yatiririka pembeni au yavukizwa na jua. Hilo ni moja. La pili lanisumbua zaidi. Nyumba ikijengwa juu ya mchanga ina vyoo, na vyoo vina shimo, na shimo limekaa juu kabisa ya samli. Mchanga ule wapitisha mvua haraka, na kwa tabia ileile wapitisha naitreti haraka. Hakuna udongo mzito wa kuizuia wala mfinyanzi wa kuikawiza. Halafu nyumba hiyo ina kisima chake na pampu yake, na mara nyingine bwawa la kuogelea. Yaani yazuia mvua, yachafua juu, na yapandisha chumvi chini, yote mahali pamoja.

Nyumba 20 zaweza kuwa chache zikiwa zimetawanyika mahali pengine. Zikiwa juu ya maji ya kunywa ya mji wa kale ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mji wenye misikiti na birika na watu walioishi hapo karne nyingi, mimi nasema si chache. Na vilima hivyo vikichimbwa au vikishuka, maji matamu juu ya usawa wa bahari yapungua. Kumbuka mita 1 kwa 40.

Wewe kama fundi una nafasi kubwa kuliko mimi. Unayejenga nyumba mjini ndiwe unayeamua tangi la maji machafu litakuwa na sakafu ya zege au shimo tupu. Ndiwe unayeweza kumwambia mwenye nyumba aweke mifereji ya paa na jabia chini ya ua. Mimi naweza tu kupima baada ya madhara.

#11 Fundi_Langoni

Hilo la sakafu ya tangi nimelisikia. Wateja wengi hukataa kwa gharama, lakini nitaanza kulisisitiza. La Shela tutaendelea kutofautiana.

#12 Bara_Pwani

Mimi nimehamia kutoka Nakuru. Kule tulikuwa tukiogopa maji yanayotia meno rangi ya kahawia. Hapa hamna?

#13 Kata_na_Kamba

Hiyo ni floridi, kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Yatokana zaidi na miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kwetu matumbawe yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu na floridi zikikutana kwa wingi hugandana na kutua. Si jambo la kukunyima usingizi hapa.

#14 Binti_wa_Mkomani

Maalim, naomba unijibu mimi. Nina mtoto wa miezi miwili, maziwa yangu ni machache hivyo namchanganyia ya kopo. Maji ni ya kisima cha nyumbani, nachemsha dakika 10 nikiamini ndiyo usalama wake. Kisima chetu ni kitamu. Choo kipo upande wa pili wa ukuta. Baada ya kusoma #1 mikono inanitetemeka. Mtoto rangi yake ni nzuri alhamdulillahi, anacheka.

#15 Kata_na_Kamba

Binti yangu, tulia. Rangi nzuri na kicheko ni dalili njema, na umeuliza mapema.

Kuanzia chupa inayofuata usitumie maji ya kisima hicho kwa maziwa ya mtoto, hata yaliyochemshwa. Tumia maji ya mvua ya jabia safi, au ya mfereji, au ya chupa za dukani, kisha uyachemshe mpaka yatokote mara moja tu uyaondoe motoni. Ukimuona midomo au kucha zina rangi ya buluu au kijivu, au apumua kwa shida, au amelegea, usingoje kesho, mpeleke hospitali na useme kwa kinywa chako kwamba amekuwa akinywa maji ya kisima. Neno hilo la kisima lisisahaulike, humsaidia daktari kufikiri haraka. Na ukiweza kuongeza kumnyonyesha, maziwa yako hayabebi naitreti ya kumdhuru hata kama wewe umekunywa maji hayo.

Kisima usikifunge. Kitumie kufulia, kuoshea, kumwagilia mimea. Mimea yaipenda naitreti.

#16 Mvuvi_Matondoni

Lakini maalim, nyumba zote za mji wa kale ziko hivyo, kisima na choo ukuta mmoja. Tangu enzi. Mbona wazee walikunywa wakaishi?

#17 Kata_na_Kamba

Swali la haki. Watu wazima hustahimili naitreti kuliko mtoto mchanga. Watoto zamani walinyonya, maziwa ya kopo hayakuwepo. Watu katika kila nyumba walikuwa wachache, na maji ya kuogea yalikuwa ya kata. Leo nyumba ileile imegawanywa vyumba vya kupangisha, kuna mfereji na choo cha kuvuta, na maji yote hayo yaenda shimo lilelile. Shimo lililokuwa likipokea ndoo chache kwa siku sasa lapokea matangi. Lakini nisiwapambe wazee pia. Kipindupindu na kuhara vimeua wengi katika miji ya mwambao, na waliozikwa hawakuachiwa nafasi ya kusema kwamba walikunywa wakaishi.

Kwa mnaochimba vipya, kanuni inayotumika sana ni kuacha angalau mita 30 kati ya kisima na choo. Kwenye matumbawe yenye mianya hata 30 yaweza isitoshe, kwa sababu maji hupita kwenye ufa kama kwenye mfereji. Katika mji wetu mita 30 zavuka nyumba tatu na kichochoro. Ndiyo maana nasema kisima cha mji wa kale kisiwe cha kunywa, hata kiwe kitamu vipi.

#18 Bara_Pwani

Chujio la dukani laondoa naitreti?

#19 Kata_na_Kamba

La mshumaa wa udongo haliondoi, la makaa haliondoi. Lile la kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba ndilo linaloondoa naitreti na chumvi pamoja. Mtambo wa namna hiyo unaotumia jua uliwekwa Kiunga na shirika la GivePower mwaka 2018, wa kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa. Lakini wahitaji nguvu na mwangalizi, na kila lita tamu yaacha nyuma maji makali yanayotaka mahali pa kumwagwa mbali na visima. Mkisikia mtambo waletwa mtaani kwenu, ulizeni kwanza maji makali yatamwagwa wapi.

#20 Binti_wa_Mkomani

Maalim, tangu juzi mtoto apata maji ya jabia la shangazi. Mume wangu ataka kisima kipimwe ili majirani waamini, maana ukuta wa choo ni wetu na kisima wachota nyumba nne. Tufanyeje?

#21 Kata_na_Kamba

Chukua chupa mbili za plastiki za nusu lita, safi, zisizowahi kuwekwa soda wala mafuta. Zisuuze mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Kabla ya kuchota, vuteni ndoo kama 10 mzimwage, ili mpate maji yanayoingia kutoka ardhini na si yaliyolala. Jaza mpaka juu, hewa isibaki, funga, weka kwenye ubaridi na giza, zifike maabara kabla ya siku moja kuisha. Ya kupimia vijidudu ni chupa maalumu iliyotakaswa, hiyo nitaileta mwenyewe.

Moja chota siku ya bamvua, ya pili siku ya maji mafu. Juu ya kila chupa andika tarehe, saa, na kama bahari ilikuwa yajaa au yapwa. Tutaomba naitreti, amonia, kloraidi, sodiamu na bromaidi. Bromaidi, ndugu mdogo wa kloraidi, yatusaidia kujua chumvi iliyopo ni ya bahari au ya jikoni. Bahari ina kloraidi kama mara 290 ya bromaidi yake, chumvi ya jikoni iliyosafishwa, ile tunayoila ikaishia chooni, ina bromaidi kidogo sana, kwa hiyo kisima kilichoguswa na choo huwa na uwiano mkubwa zaidi.

Bamvua ijayo ni baada ya siku nne. Nitapita asubuhi baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa hayajachotwa na mtu. Waambie hizo nyumba nne waje wasimame kisimani nasi.